Forester limeanza kubugia mafuta: pa kuanzia kutafuta

"Shemeji, hili gari limeanza kunywa." Alikuwa kaka wa mke wangu, Jumatano moja usiku. "Nilikuwa naweka ya elfu hamsini inanifikisha Ijumaa. Leo Jumatano taa imeshawaka."

Nikamwuliza aliweka lita ngapi. Kimya. Nikamwuliza ametembea kilomita ngapi. Kimya tena, halafu akasema, "Fundi kasema ni oksijeni sensa."

Fundi mwenyewe alikuwa hajafungua hata boneti. Kwa niliyoyaona, oksijeni sensa (kile kipimo cha oksijeni kilicho kwenye bomba la moshi) husingiziwa kuliko mtoto wa kambo. Ipo siku kweli ndiyo yenye kosa, lakini imesimama mbali kwenye foleni ya washukiwa, na bei yake si ya kununua kwa kubahatisha.

Gari la shemeji ni Subaru Forester la 2009, lile umbo la SH5 lililoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2007: injini ya 2.0 isiyo na tabo (turbo), gia otomatiki ya hatua nne, na magurudumu yote manne yanayovuta muda wote. Langu ni la umbo hilohilo, kwa hiyo ndilo nitakalolizungumzia. Mwenye RAV4 au X-Trail ya 4WD atakuta mengi yanamhusu pia.

Kwanza, kweli limeongeza?

Sisi tunanunua mafuta kwa noti, hatununui kwa lita, na hapo ndipo hesabu inapopotea. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Tuseme lita ilikuwa shilingi 2,800, ikapanda hadi 3,200. Elfu hamsini iliyokuwa inakupa lita 17.9 sasa inakupa 15.6. Lita mbili na ushee zimeyeyuka kabla hujawasha gari. Kwa gari linalokwenda kilomita 8 kwa lita, hizo ni kilomita 18, yaani kumpeleka mtoto shule na kurudi. Gari halijafanya kosa lolote.

Kwa hiyo pima. Jaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe, na mwambie mhudumu asiongeze hata tone baada ya hapo (atataka kuongeza ili afikishe namba nzima, ndiyo desturi yao). Rudisha trip mita kwenye sifuri. Tembea kama kawaida yako mpaka upite nusu ya tenki, kisha rudi sheli ileile, pampu ileile ikiwezekana, ujaze tena mpaka ijikate. Kilomita ulizotembea zigawanye kwa lita zilizoingia. Kilomita 312 kwa lita 41.6 ni 7.5 kwa lita. Rudia mara tatu, uandike kwenye daftari. Mara moja haitoshi, maana gari likiinama kidogo tu pale sheli, pampu inaweza kujikata mapema au ikachelewa, na hesabu yote ikapinda.

Usipime kwa mshale wa dashibodi, hasa kwenye Subaru. Chini ya tenki panapita propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma) na difu ya nyuma, kwa hiyo tenki limetengenezwa kama tandiko la punda: lina mfuko kulia na mfuko kushoto, na mgongo katikati. Kila upande una boya lake la kupima mafuta, na vipimo viwili hujumlishwa. Mafuta ya upande usio na pampu huvutwa na kijipampu cha mkondo kuja upande wa pili. Boya moja likichakaa, au mvuto ule ukidhoofika, utaona mshale unashuka haraka kuanzia katikati, au taa inawaka ukiwa bado na lita za kutosha, au kibaya zaidi, gari linazima mshale ukiwa juu ya mstari mwekundu. Mtu huapa kwamba gari linakunywa kumbe mafuta yamo, yamejificha upande wa pili. Dalili ni rahisi kuitambua: taa ikiwaka nenda kajaze, uone zimeingia lita ngapi. Kama taa inakuwakia halafu tenki linapokea lita 38 tu, tatizo ni kipimo.

Jambo jingine la kuangalia kabla ya kulaumu injini ni ukubwa wa tairi. SH5 ilitoka kiwandani na 215/65R16 au 225/55R17. Hizo mbili zinakaribiana sana kimo, milimita 686 na 679. Lakini barabara zetu mnazijua, na wengi hubadilisha wakaweka tairi nene ili gari linyanyuke. Ukivaa 225/65R17, kimo kinakuwa milimita 724, karibu asilimia 6.6 zaidi. Odometa haijui habari hizo. Ikikuonyesha 400, wewe umetembea 426. Ukigawanya 400 kwa lita 44 unapata 9.1, wakati ukweli ni 9.7. Lakini usishangilie mapema: tairi hilo ni zito zaidi na linafanya gia ziwe ndefu kuliko zilivyopangwa, kwa hiyo mjini injini inahangaika kila unapoondoka kwenye taa.

Namba gani niseme ni ya kawaida?

Langu, kwenye foleni za Dar es Salaam, linatoa 7 hadi 8 kwa lita. Safari ya Moshi, nikitembea 80 hadi 90 na familia ndani, linatoa 11 na wakati mwingine 12. Namba za brosha ya Japani zilipimwa juu ya rola ndani ya maabara. Zile zifae kulinganisha gari na gari, zisikufanye udhani umeibiwa.

Na foleni yenyewe ifanyie hesabu, kwa sababu ndiyo inayokula mafuta ya watu wengi. Injini ya 2.0 ikinguruma imesimama huku AC inafanya kazi hunywa karibu lita moja kwa saa. Tuseme unatembea kilomita 40 kwa siku, na gari lako likitembea bila kusimama linatoa 9. Hizo ni lita 4.4. Ongeza saa mbili za kusimama Mwenge, Ubungo na kwingineko, unafika lita 6.4, na wastani wako unaporomoka hadi 6.2. Hakuna fundi atakayekutengenezea hilo. Kama shule zimefunguliwa wiki iliyopita na mafuta "yameongezeka" wiki hiyohiyo, umeshapata jibu.

Shemeji alipima mara tatu: 6.6, 6.8, 6.7. Alikaa kwenye njia zilezile, saa zilezile, na mwaka mmoja nyuma alikuwa na karatasi za sheli za kazini zilizoonyesha 7.8. Hapo sasa nikakubali kwamba gari linaumwa.

Limeanza baada ya kutoka gereji

Hili ndilo swali langu la kwanza kwa kila anayelalamika: kabla halijaanza, nini kilitengenezwa? Watu husahau. Shemeji alikumbuka baada ya dakika kumi kwamba mwaka uliopita gari lilichemsha njiani, rejeta ikazibwa, na fundi "akatoa kile kidude kinachozuia maji."

Kile kidude ni thamostati. Kuitoa ni dawa ya mitaani tangu enzi za Datsun: gari likichemsha, ng'oa thamostati, maji yazunguke muda wote. Gari linaacha kuchemsha, mteja anafurahi, na ugonjwa halisi (rejeta iliyoziba, feni isiyowaka, gasketi inayovuja) unabaki palepale. Lakini kompyuta ya injini inategemea joto la maji kuamua mafuta. Injini ikiwa baridi, inaongeza mafuta kwa makusudi, kama magari ya kabureta tulivyokuwa tunavuta choki. Maji yasipofika joto lake, inaendelea kudhani ni asubuhi. Oili nayo inabaki nzito, na kwenye gia otomatiki kuna hasara nyingine ambayo watu hawaijui, nitaieleza kwenye habari za safari ndefu.

Jinsi ya kujua: chomeka kifaa cha kusomea kompyuta kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi upande wa dereva, vile vidogo vya Bluetooth vinatosha, usome joto la maji kwenye simu. Baada ya dakika kumi na tano za kuendesha linapaswa kupita 80 na kutulia hapo au juu kidogo. Likiwa linapanda kwenye foleni na kushuka hadi 65 ukishika barabara kuu, thamostati haipo au imekwama wazi. Gari linaweza pia kuhifadhi kodi (namba ya kosa) P0128. Dar es Salaam kwa joto letu dalili hujificha. Mpeleke mwenye gari hilohilo Njombe au Arusha asubuhi ya mwezi wa saba, hita itampulizia hewa ya friji. Kwenye magari yasiyo na mshale wa joto, angalia taa ya bluu: ikichelewa sana kuzimika, au ikiwaka tena mteremkoni, ni habari ileile.

Ukirudisha thamostati, weka ya kufaa injini hiyo na utoe hewa yote kwenye mfumo wa maji. Injini ya Subaru imelala, silinda mbili kila upande, na hewa hupenda kujificha. Na ukiona gari limeanza kuchemsha tena, usiing'oe mara ya pili. Tafuta kwa nini lilichemsha mara ya kwanza.

Oili. Kuna imani kwamba nchi ya joto inahitaji oili nzito, kwa hiyo gari linalotakiwa 5W-30 linamiminiwa 20W-50. Injini hutumia nguvu kuisukuma oili hiyo kila sekunde. Hasara si kubwa ya kukutoa jasho, ila ipo kila siku, na kwenye magari yaliyotoka kuanzia mwishoni mwa 2010 yenye injini ya FB20, iliyotengenezwa kwa oili nyepesi ya 0W-20, ni ubishi na mtengenezaji bila sababu. Kama injini imechoka inakula oili, hiyo ni kesi nyingine.

Timing belti. SH5 za mwanzo zina injini ya EJ20 yenye mkanda. FB20 ina mnyororo. Mkanda ukibadilishwa na ukakaa jino moja pembeni, gari litawaka na litatembea, ila litakuwa zito chini, litavuta pole, na litakunywa. Kama malalamiko yameanza siku ileile ya kubadilisha mkanda, rudi kwa aliyeufunga na alama ziangaliwe upya. Usinunue sensa yoyote kabla ya hapo.

Plagi. Kwenye Subaru plagi ziko ubavuni, zimebanwa na betri upande mmoja na chupa ya maji ya kioo au boksi la kichungi cha hewa upande mwingine. Niliwahi kununua plagi nne, nikalipa ufundi, na miaka miwili baadaye nikatoa mwenyewe nikakuta mbili mpya na mbili za Japani zilizochakaa. Mbili mpya zilikuwa zile zilizofikika kwa urahisi. Tangu siku hiyo nadai plagi za zamani nikabidhiwe mkononi, nazihesabu.

Breki. Brekipadi mpya zikifungwa bila pini za kalipa (mkono unaobana padi kwenye diski) kusafishwa na kupakwa grisi, kalipa inang'ang'ania na gurudumu linatembea limeshikwa. Dalili yake inafuata.

Gari zito, haliserereki

Tafuta barabara tambarare isiyo na magari, tembea 40, weka N, uone linavyoserereka. Gari zima huenda mbali kuliko unavyotarajia. Likisimama kama limeingia kwenye mchanga, kitu kinalishika.

Baada ya safari ya dakika ishirini ambayo hukutumia sana breki, pitisha kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, pana breki inayoshika. Magurudumu ya nyuma usiyasahau, maana ndani ya diski ya nyuma ya Forester kuna ngoma ndogo ya breki ya mkono, na waya wake ukikazwa kupita kiasi, au ukiota kutu, gari linatembea na breki ya mkono nusu.

Ukisikia mvumo unaopanda na mwendo, na unabadilika ukiyumbisha usukani kulia na kushoto, ni beringi ya gurudumu. Za nyuma kwenye Subaru zina sifa hiyo. Mvumo wa beringi watu huuchukulia kuwa wa tairi, wakanunua tairi nne mpya, na mvumo ukabaki.

Upepo: karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva imeandikwa kwa kPa. Gawanya kwa 6.9 upate namba za geji ya sheli (psi), 220 ni kama 32. Ila niwe mkweli kuhusu upepo, kwa kuwa kila mshauri huanza nao. Makadirio ya wizara ya nishati ya Marekani ni asilimia 0.2 ya mafuta kwa kila psi moja inayopungua kwenye tairi zote. Ukiwa umepungukiwa psi 8 nzima, hiyo haifiki asilimia 2. Jaza upepo kwa ajili ya tairi na usalama wa watoto. Kama gari limeporomoka kutoka 8 hadi 6, mwizi si upepo.

Alaimenti inauma zaidi. Tairi zinazoliwa ndani au nje tu zinaburuzwa pembeni kilomita zote unazotembea. Forester inarekebishika nyuma pia, kwa hiyo dai wapime magurudumu manne, wasikupimie ya mbele tu.

Linajishika ukikata kona

Hapa tumeingia kwenye mambo ya magurudumu manne hasa. Ukigeuza gari ndani ya maegesho, usukani umekata wote, likawa linarukaruka au linasita kana kwamba umekanyaga breki, nguvu ya mbele na ya nyuma zinapigana.

Kwenye gia ya hatua nne, nguvu ya kwenda nyuma hupita kwenye klachi yenye sahani nyingi iliyo mkiani mwa gia boksi. Kompyuta huibana au kuilegeza kufuatana na hali. Klachi hiyo imepangwa kwa tairi nne zinazolingana. Subaru yenyewe inataka mizunguko ya tairi isitofautiane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo. Sasa fikiria desturi yetu: zimechakaa mbili, tunanunua mbili. Tairi mpya na iliyobaki nusu hupishana zaidi ya hapo kwa mbali. Mbele inazunguka kwa kasi moja, nyuma kwa nyingine, kutwa nzima, na klachi inateleza katikati ikichoma oili na mafuta yako. Pima kwa uzi: zungushia kila tairi, weka alama, linganisha. Zikipishana, nunua nne. Kama mfuko haujaruhusu, tafuta mbili zilizochakaa sawa na zako.

Tairi zikiwa sawa na gari bado linajishika, angalia oili ya gia kwanza. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, ibadilishe, kisha fanya mizunguko kadhaa ya namba nane taratibu kwenye uwanja mpana. Mara nyingine klachi hulegea. Forester za zamani zenye gia hii zina nafasi ya fyuzi ndani ya boneti iliyoandikwa FWD. Ukichomeka fyuzi hapo, kompyuta inailegeza klachi na gari linavuta mbele tu. Iliwekwa kwa ajili ya siku unapotumia tairi dogo la akiba. Itumie kupimia. Ukichomeka na mruko ukaisha, umeme na klachi bado vinatii, rudi uchunguze tairi na oili. Mruko ukibaki, solenoidi (vali ya umeme inayoiongoza klachi) imekufa au sahani zimejichimbia kwenye ngoma yake, na hiyo ni kazi ya kufungua mkia wa gia boksi. Usiiache fyuzi humo mwaka mzima kama nilivyoona wengine wakifanya ili "kuokoa mafuta."

Mjini ni sawa, safarini linakunywa

Mwendo wako ndiyo mshukiwa wa kwanza. Ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 hadi 110 unakaribia kuwa mara mbili. Forester ni refu kwenda juu, lina uso wa kabati. Ukiongeza keria juu na mabegi ya Krismasi yaliyofungwa turubai linalopepea, umebeba ukuta. Mwaka mmoja nilikwenda Moshi na keria imejaa, nikarudi nayo tupu juu bila kuiondoa, na bado lilikunywa zaidi ya mwaka ambao nilikuwa sina keria kabisa.

Kama mwendo na keria havihusiki, jaribu lokapu. Ndani ya konveta ya gia otomatiki kuna klachi inayojifunga ukitembea mwendo wa sawasawa, ili injini na gia zizunguke pamoja bila kuteleza. Ukiwa barabara tambarare, nyuma hakuna gari, shika 85 kwa dakika moja, mguu wa kulia usitikisike kwenye mafuta. Kwa mguu wa kushoto gusa breki kidogo mno, kiasi cha kuwasha taa za nyuma tu. Mshale wa mizunguko ya injini unapaswa kuruka juu kidogo, kama 200 au 300, kisha ushuke tena ukiachia. Usiporuka, lokapu haikuwa imefunga. Sababu yaweza kuwa solenoidi, oili ya gia iliyokufa, au swichi ya breki iliyokwama inayoiambia kompyuta kwamba umekanyaga muda wote (mwambie mtu akuangalizie kama taa za breki zinazima). Na hapa ndipo thamostati inaporudi: magari mengi hukataa kufunga lokapu mpaka injini na oili ya gia zipate joto. Thamostati moja iliyong'olewa inakupora sehemu mbili.

Wenye SJ, umbo lililofuata lililotoka mwishoni mwa 2012 na gia ya CVT (isiyo na hatua), jaribio ni hilohilo, ila oili yake ni ya aina yake. Asikudanganye mtu na oili ya gia ya kawaida.

Taa ya injini, moshi mweusi, harufu

Taa ikiwaka una bahati, gari limekuandikia barua. Soma kodi kabla ya mtu kuzifuta.

Moshi mweusi na masizi mepesi mdomoni mwa ekzosi ni mafuta yasiyoungua. Fungua kichungi cha hewa kwanza, kwa vumbi letu nimeshaona vilivyogeuka tofali. Halafu soma kwenye simu masahihisho ya mafuta, zile namba za asilimia zinazoonyesha kompyuta inaongeza au inapunguza mafuta kiasi gani. Ndani ya 5 juu au chini, injini iko sawa. Zikishuka chini ya −10, kompyuta inapunguza mafuta kwa sababu yanazidi: nozo inayovuja, au shinikizo la mafuta limepanda. Zikipanda juu ya +10, inaongeza kwa kuwa inaona hewa nyingi: paipu ya hewa iliyopasuka baada ya kichungi, sensa ya hewa ya MAF iliyoshika uchafu, au pampu ya mafuta iliyochoka. MAF huoshwa kwa dawa yake maalum. Usiipanguse kwa kitambaa.

Sasa ndiyo zamu ya oksijeni sensa. Ziko mbili: ya mbele, kabla ya katalaiza (kisafisha moshi cha ekzosi), ndiyo inayopanga mafuta. Ya nyuma kazi yake kubwa ni kuichunga katalaiza. Fundi akikuuzia ya nyuma kwa ajili ya mafuta, mwulize vizuri. Ya mbele ikizeeka huanza kusema uongo wa polepole, injini inazidishiwa mafuta, na masahihisho yanaweza kupanda kana kwamba mafuta ni pungufu, kwa kuwa kompyuta inamwamini mwongo. Ukishaondoa kila kitu hapo juu, mafuta bado yanapotea na masizi yapo, ibadilishe, na nunua mpya. Ya mtumba kutoka Gerezani au Ilala ina umri sawa na yako.

Harufu ya petroli nje ya gari, hasa baada ya kujaza tenki, ni mvujo. Acha hesabu zote, usiwashe, ita fundi alipo.

"Tung'oe propela"

Shemeji alirudishiwa thamostati na pini za kalipa ya mbele kushoto zikasafishwa. Pima tatu zilizofuata zilikuwa 7.5, 7.7, 7.6. Akaridhika wiki mbili, kisha akanipigia tena: jirani kamwambia akitoa propela ya nyuma gari litakuwa kama IST.

Halitakuwa. Miundo iliyouzwa ya magurudumu mawili na ya manne kwa injini ileile hutofautiana asilimia chache tu, na ukitoa propela bado umebeba difu na ekseli za nyuma. Kwenye gia ya hatua nne, ncha ya propela ndiyo kizibo cha mkia wa gia boksi. Ukiichomoa, oili ya gia inamwagika chini. Kwenye gia za mkono (manyo), nguvu zote zinakimbilia kwenye kiungo cha difu ya kati chenye majimaji mazito, nacho huungua. Shemeji alisikiliza, akauliza kitu kimoja tu: kama hivyo ndivyo, mbona jirani bado anajaza kila Jumatano?

Nikamwambia ampe daftari lake.